Gome la Upande wa Macheo

Pikipiki ya Biu ilikuwa haijarudi. Lindaura alikaa jikoni bila kuwasha taa ili aweze kuona mwanga ukitokeza kwa mbali barabarani, na kila mbwa alipobweka kule bondeni alisimama, akaenda mlangoni, akarudi kukaa. Kahawa ya jioni ilikuwa imepoa kwenye birika. Kuskusi ya mahindi aliyompikia binti yake kwa ajili ya safari ilikuwa imeshafungwa kwenye kitambaa cheupe, pamoja na jibini na kipande cha sukari guru, kana kwamba jibu lilikuwa limeshafika na jibu lenyewe lilikuwa ndiyo.

Swali lilikuwa moja. Neide atapanda gari la manispaa alfajiri, au hapandi?

Gari hilo huondoka uwanjani mbele ya kanisa kabla jua halijachomoza, limebeba wagonjwa wa vijiji vyote vya pande hizi, kuwapeleka hospitali kubwa ya Recife, mjini pwani. Neide alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali ilishaupima, ikasema ndio ule ugonjwa, ikasema pia kwamba bado ni mdogo na haujasambaa, ikampa siku ya upasuaji. Siku imefika. Akiikosa, anarudi mwisho wa foleni, na foleni ya Recife watu wa kijiji chetu, Riacho do Mel, wanaijua: kuna wanaume waliitwa majina yao wakaitikia wajane wao.

Na Neide, badala ya kufunga mkoba, alikuwa amejifungia katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama mkwe wake, Dona Zulmira, akinywa maji ya gome la mti wa trapiá kikombe baada ya kikombe. Jumapili Lindaura alikwenda huko akapiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika zizini. Neide akamjibu kupitia mlango, "Usije tena, mainha. Nitafikiri. Jibu nitalituma kwa Seu Biu." Huku Seu na Dona ni bwana na bibi, na mainha ndivyo watoto wanavyowaita mama zao, hata wakiwa wamekasirika.

Kwa hiyo alikaa akisubiri jibu. Kuumwa kwa mtoto kulikuwa jambo moja. Lililomchoma Lindaura zaidi ni kwamba dawa iliyomfungia mtoto chumbani ilikuwa ni ya kwake mwenyewe.

Lindaura alikuwa raizeira, mwanamke wa mizizi na magome, kama mama yake Firmina kabla yake. Kila Jumamosi alitandika gunia lake gulioni, kati ya muuza kamba na muuza jibini, akapanga vifungu vyake. Wenye magoti yaliyovimba walikuja kwake. Wazazi wapya ambao maziwa yamewaganda walikuja, na wavunaji wenye vidonda vya miiba visivyokauka. Dawa yake kubwa ilikuwa trapiá, mti unaoota kando ya vijito vyetu visivyo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, ambao ukiukwangua unatoa harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu.

Firmina alikuwa amemfundisha mambo machache, na kwa mambo hayo hakuwa na masihara. Gome linatolewa upande wa macheo tu, pale jua linapougonga mti asubuhi. Linatolewa upana wa kiganja, basi. Kidonda cha mti kinasiribwa tope bichi, na mtu harudi kwenye mti huo mpaka kovu lijifunge lenyewe. Na mtu asithubutu kamwe kuuzunguka mti, kwa sababu mti uliobanduliwa gome mzunguko mzima unakufa umesimama, taratibu, huku majani yakijifanya mazima. Neide alipokuwa mdogo, kabla hajajua kusoma, alikuwa anafunga macho, anapapasa shina, na kusema upande gani ni macheo. Hakuwahi kukosea.

Kisha gome linalowekwa kwenye mtungi, kwa maji ya baridi, usiku mmoja. Halipikwi.

Hapo kwenye kutopika ndipo mambo yalipoharibika kwa watu wengi. Mwaka wa kipindupindu mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza kila tone la maji lichemshwe, na walikuwa na haki, na waliowasikiliza walipona. Lakini tangu hapo wanawake wa huku wanachemsha kila kitu, na gome pia likaingia sufuriani. Lindaura hakubishana na mabwana afya. Alichemsha maji kwanza, akayaacha yapoe kabisa, ndipo akaloweka. Aliwaambia wateja wafanye hivyo hivyo. Walimwitikia vizuri sana, wakaenda kwao, wakachemsha.

Sababu hasa alikuja kuielewa kwa Professora Heloneida, mwanamke mwembamba wa chuo kikuu cha Recife, aliyetokea gulioni na sanduku la barafu akaomba kununua gome. Lindaura alimwuliza la nini. Yule mwanamke akaketi kwenye gunia, sketi nzuri na vumbi lote lile, akaeleza.

"Ndani ya gome hili kuna protini, Dona Lindaura. Nataka kuitoa niione peke yake."

"Protini si ndiyo ile ya kwenye maharagwe na mayai?"

"Ya aina yake. Chukua ute wa yai. Ukiutia kwenye maji ya baridi unafanyaje?"

"Unachanganyika."

"Na ukiutia kwenye maji ya moto?"

Lindaura alicheka mpaka muuza jibini akageuka. "Mama yangu marehemu angekupa kiti," alisema.

Walizoeana. Lindaura alimpa magome, akamwonyesha miti, akamkataza upande wa machweo, na mwenzake akamwalika Recife aone kazi. Huko maabara alionyeshwa kichupa chenye vumbi jeupe kidogo, la kufunika ukucha. Gunia zima la gome, vumbi lenyewe ndilo hilo. Aliambiwa kwamba vumbi hilo lilituliza uvimbe kwenye miguu ya panya weupe, na lilipodondoshewa chembe za ugonjwa ule kwenye visahani vya kioo, baadhi zilikufa.

"Kwa hiyo linaponya watu?" Lindaura aliuliza.

"Sijui," Heloneida akasema. "Kisahani hakina tumbo, hakina damu. Hata ulinywe likiwa bichi, tumbo lako litalisaga kama linavyosaga yai. Pengine wanafunzi wa wanafunzi wangu watajua namna ya kulifikisha. Mimi sijui."

Lindaura alimheshimu tangu siku hiyo. Katika maisha yake alikuwa amekutana na madaktari, mapadri na wagombea udiwani, na hakuwa amewahi kumsikia hata mmoja wao akisema sijui mara mbili katika pumzi moja.

Redio ya mjini haikusema sijui. Mtangazaji aliisoma habari ya chuo kikuu asubuhi, kati ya matangazo ya duka la viatu na salamu za siku ya kuzaliwa, akapaza sauti: gome la trapiá linaua saratani, gome letu, la sertão yetu, nyika yetu kavu, Mungu ni wa huku! Jumamosi iliyofuata gulio lilimfuata Lindaura mpaka nyumbani. Walikuja na magari kutoka miji ambayo hakuijua. Walikuja wanunuzi na mizani. Alipokataa kuwauzia walikwenda kijitoni wenyewe na mapanga, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwafundisha, walibandua pande zote. Leo ukipita kijito hicho utaiona miti imesimama myeupe kama watu waliovuliwa nguo.

Gulioni maneno yalikuwa mengi.

"Dona Lindaura, umeshanunuliwa na madaktari?" mwanamke mmoja alimrushia. "Au unangoja bei ipande?"

"Goti lako linauma? Njoo. Kidonda chako kinatoa maji? Njoo, kaa hapa. Lakini kwa hilo mnalolitaka ninyi, nenda Recife."

"Redio imesema!"

"Basi kaiambie redio ikukande."

Watu walicheka, naye akaendelea na vifungu vyake, shingo imesimama. Wengine waliacha kumsalimia. Usiku mmoja mtu alirusha jiwe kwenye vigae vya paa lake. Alilifuata uani na kibatari, akaliokota, akalifanya kizuizi cha mlango, na liko hapo mpaka leo. Haya yote aliyaweza. Hakujua tu kwamba redio hiyo hiyo ilikuwa inasikika pia jikoni kwa Dona Zulmira, ambako binti yake alikuwa amekaa na mkono juu ya titi, bado hajamwambia mtu.

Jogoo wa kwanza alikuwa ameshawika mwanga ulipotokea barabarani. Lindaura alikuwa uani kabla pikipiki haijazimwa.

Biu alikuwa mzee wa pikipiki, mwenye meno machache na maneno mengi, aliyekuwa akibeba abiria, kuku na umbea wa kijiji kizima. Usiku huo alivua kofia ngumu akaishika kwa mikono miwili, na Lindaura akajua.

"Sema, Seu Biu."

"Anasema haendi."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Kupitia mlango. Anasema anakushukuru, anasema umbusu mtoto." Mjukuu alikuwa amelala chumbani kwa Lindaura. "Anasema ataendelea na gome mpaka mvua, halafu ataona. Dona Zulmira naye anasema..."

"Huyo usiniambie."

"Anasema ukija atakufungulia mbwa."

Lindaura aliingia ndani. Alimwamsha jirani aje kulala na mtoto. Alichukua kitambaa cha chakula, akachukua mkoba aliomfungia Neide, na kutoka nyuma ya mlango akachukua panga lake la magome, fupi, lililonolewa mpaka likawa jembamba. Biu alilitazama.

"Dona Lindaura. Mimi na pikipiki yangu tuna leseni ya abiria. Ya mauaji hatuna."

"Washa."

"Huyo mbwa hana kosa, ni kazi yake tu..."

"Washa, Seu Biu, au nashuka bondeni kwa miguu."

Akawasha.

Nyumba ya Dona Zulmira ni ya chini, ya vigae, na mbele yake, kati ya zizi la mbuzi na kijito, palikuwa na trapiá mkubwa, wa pekee uliobaki mzima katika bonde lote. Mbwa wa Zulmira ndiye aliyeulinda. Walipofika mbwa alibweka mara mbili, akamtambua Biu anayemletea mifupa, akaja kutikisa mkia.

Lindaura hakwenda mlangoni moja kwa moja. Alipita mtini. Aliweka kiganja kwenye shina, gizani, akapapasa upande wa macheo, na kidole kikakutana na ukingo. Kovu. Upana wa kiganja, si zaidi, limesiribwa tope vizuri mpaka pembeni. Hii haikuwa kazi ya Zulmira. Neide alikuwa ametoka mwenyewe, na uvimbe wake kifuani, akachukua gome jinsi alivyofundishwa. Lindaura alisimama hapo kidogo, kisha akaenda mlangoni.

Ndani, moto ulikuwa ukiwaka. Zulmira, mwanamke mnene mwenye rozari kwenye mkono, alisimama mbele ya jiko kama askari.

"Nilisema usije."

"Nimesikia. Nini hicho kinachochemka?"

"Dawa ya mkwe wangu."

"Unachemsha gome?"

"Sasa nisichemshe? Tangu kipindupindu nachemsha kila kitu. Unataka nimpe mgonjwa uchafu?"

Lindaura alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimpita Zulmira, akaufuata ukumbi mfupi mpaka mlango wa nyuma, mlango wa mbao wenye komeo la ndani, akaugonga kwa kiganja.

"Neide!"

"Mainha, nilikuomba."

"Neide, unajua unakunywa nini? Maji ya moto yenye rangi. Amelichemsha! Gome lililochemshwa limekufa, unakumbuka ute wa yai. Umekunywa chai tupu siku zote hizi. Fungua twende."

Lindaura akadhani ameshinda. Kisha sauti ikaja, karibu sana, kama mtu aliyeegemeza paji la uso kwenye ubao.

"Basi niletee ya baridi."

"Nini?"

"Ile ya kwako. Ya kuloweka. Niletee hiyo, niinywe mpaka mvua, kisha nitakwenda. Naapa."

Nyuma yake Zulmira alipiga makofi. "Umesikia? Mpe mwanao dawa, raizeira! Wageni unawanyima, sawa. Na mwanao?"

Ingekuwa rahisi. Lindaura alikuja kusema baadaye kwamba neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: ndiyo, ninayo, iko kwenye chupa pale kwenye pikipiki, toka uichukue. Mlango ungefunguliwa hapo hapo. Lakini alimjua mtoto wake. Neide ukimdanganya mlangoni, hafungui wa pili, na huko Recife kulikuwa na milango mingi ya kupita naye.

"Hapana," alisema. "Hata ya baridi si ya hilo."

"Unasema hivyo kwa sababu ya yule professora wako."

"Nasema hivyo kwa sababu ya bibi yako."

"Bibi alikatwa Recife akafa. Kila mtu anajua."

"Kila mtu hajui kitu. Kaa chini, unisikilize." Lindaura mwenyewe akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. "Bibi yako alikuwa na hilo hilo, titi hilo hilo. Na hakuna mtu katika sertão hii aliyeloweka trapiá kama mama yangu. Maji ya baridi, mtungi wa udongo, gome la macheo. Aliinywa, akajikanda nayo, mvua mbili nzima. Goti lake lilikuwa zuri ajabu, nakwambia, alikuwa anapanda ngazi za kanisa kama msichana. Titi lilifunguka. Tulipomfikisha Recife daktari aliinua bandeji, akaishusha taratibu, akasema mrudisheni nyumbani kwake. Hakuna kisu kilichomgusa, Neide. Alikuwa amechelewa hata kwa kisu."

"Mbona hukuniambia?"

"Yeye hakutaka. Alisema watamcheka raizeira aliyekufa na mtungi mkononi. Nimemstahi mpaka leo. Leo nimemaliza kumstahi."

Hata Zulmira alikuwa ameacha kuhesabu rozari. Lakini hakuwa mtu wa kunyamaza kwa muda mrefu, na alikuwa na jeraha lake. "Mume wangu alipanda gari hilo hilo," alisema kwa sauti ya chini. "Alikwenda amekaa kiti cha mbele, akarudi nyuma ndani ya sanduku. Usiniambie mimi habari za Recife."

"Sikuambii wewe. Ulimpenda mumeo, nami nampenda mwanangu, na gari ni moja. Wengine wanarudi wamekaa, Dona Zulmira. Nusu ya wanawake wanaokuuzia mayai walipita huko."

"Naogopa, mainha," sauti ilisema mlangoni.

"Najua."

"Gilvan akirudi kutoka São Paulo anikute sina..."

"Gilvan akitaka kuondoka, barabara aliyojengea nyumba yake ni pana."

"Huyo unayemsema ni mwanangu!" Zulmira akafoka.

"Basi mfundishe kabla hajarudi, simu unayo."

Ng'ambo ya bonde, honi ililia, ndefu. Dereva wa manispaa alikuwa akiwaita watu. Biu alichungulia ukumbini, kofia mkononi. "Dona, hiyo ni ya kwanza. Ya pili anaondoka. Yule jamaa hamngojei hata padri."

"Neide. Fungua."

Komeo halikusogea. Lindaura alisikia pumzi ya mtoto wake upande wa pili wa ubao, fupi fupi, pumzi ya mtu anayetaka kutoka na miguu imekataa. Aliijua pumzi hiyo. Hakuna neno lililobaki ambalo lingeufikia huo mguu.

Akasimama, akatoka nje, akashika panga.

Mbingu ilikuwa imeanza kupauka nyuma ya vilima. Alisimama upande wa machweo wa trapiá, upande ambao hakuwa ameugusa kwenye mti wowote tangu azaliwe, akauinua mkono, akapiga. Gome bichi lina sauti yake. Halilii kama mti. Linatoa sauti ya maji, kama kofi kwenye paja. Akapiga tena, akaingiza ncha, akavuta, na utepe mrefu ukabanduka ukaanguka kwenye miguu yake, harufu kali ikijaa uani.

"Mama yangu!" Zulmira alikuwa mlangoni. "Umerukwa na akili? Huo upande sio!"

"Naujua."

"Utauua!"

"Ufe. Miaka yote nimeutunza. Kama kazi yake ni kumzuia mwanangu chumbani, mimi sina haja nao, na wewe huna, na redio haina."

Akahamia upande wa zizi. Kofi la maji, kofi la maji. Mbuzi walijibanza kwenye kona. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na kibao tu, kimefungwa, na kupitia kibao hicho sauti ilitoka kali.

"Mainha! Huo ni upande gani?"

"Wa zizi. Wa machweo nimemaliza."

"Acha!"

"Fungua."

"Acha, nimesema, utauzunguka!"

"Ndiyo ninavyofanya. Nauzunguka."

Biu alivua kofia yake tena, safari hii kama mtu msibani. Lindaura alikwenda upande wa kijito. Jasho lilimwingia machoni, na huenda si jasho tu, lakini mkono haukupunguza. Vibamba vya gome vilidondoka kimoja baada ya kingine, vinono, vyenye afya, ambavyo mnunuzi yeyote wa mizani angevipigania. Shina lilibaki jeupe na limelowa. Sasa palibaki upande mmoja tu wenye ngozi: wa macheo, ule wenye kovu la upana wa kiganja, na tope la Neide juu yake.

Akasimama hapo. Mwanga wa kwanza ulikuwa umegonga kovu lile. Honi ya pili ilikuwa bado.

"Umefika wapi?" Neide aliuliza, taratibu.

"Kwako."

Akainua panga. Hata leo ukimuuliza kama angepiga, hasemi. Anakutazama tu, anakuuliza goti lako linaendeleaje.

Chuma kilikwaruza chuma. Komeo la chumba, kisha miguu ikikimbia ukumbini, kisha mlango wa mbele uliokuwa umerudishwa nusu ukasukumwa mpaka ukagonga ukuta. Neide alitokea na gauni la kulalia, peku, nywele zimesimama, mkono wa kulia umeshika titi la kushoto kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Alimpita mama mkwe wake. Alimpita Biu. Akaweka kiganja juu ya kovu, kati ya panga na mti.

"Hapa usiguse," alisema. "Hapa ukigusa umekufa."

"Ndiyo," Lindaura alisema. "Ndivyo nilivyokuwa nakwambia."

Walitazamana. Neide alianza kutetemeka, mabega kwanza. Zulmira alisema tuingieni ndani jamani, mtoto atashikwa na baridi, na Neide akageuza uso kuelekea nyumbani, kuelekea ukumbi na chumba na giza lake zuri.

Lindaura aliona. Alikuwa mwanamke wa kuona. Alikwenda haraka mpaka mlangoni, akainama, akalilaza panga kwenye kizingiti, makali juu, likiwa bado linanuka gome, hata mlango ule usingeweza kufungwa tena asubuhi hiyo bila mtu kuinama kuliondoa. Kisha akachukua mkoba na kitambaa cha chakula kutoka kwenye pikipiki.

"Na mti?" Neide aliuliza. "Unatoka maji. Mtu autie tope, mainha, utakauka."

Dona Zulmira, akiwa bado ananung'unika, bado anamwita Lindaura kichaa na mwuaji wa miti, alikuwa ameshafunga sketi yake kiunoni na kushuka kijitoni na karai.

"Seu Biu," Lindaura alisema, "pikipiki yako inabeba wangapi?"

"Kwa leseni, mmoja."

"Sogea mbele."

Honi ya pili iliwakuta barabarani, watatu kwenye kiti kimoja, Neide katikati na viatu vya mama yake miguuni. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi.